Pikipiki ya Masafa

Asubuhi ile injini ilianza kumisi mara tu ilipopata moto. Mama Mapazia alikuwa ameketi juu ya kiti, miguu yote miwili chini, shali begani, mkono wa kulia kwenye gesi kama kawaida yake ya kila siku, akasikia mtetemo mgeni ukimpanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno. Pikipiki ilitikisika, ikakohoa, ikapiga mlipuko mmoja mkavu, kisha ikaendelea kunguruma kwa kuchechemea, kama mtu anayeshuka ngazi akikanyaga moja na kuruka moja. Aliongeza gesi, ikapanda kwa uvivu. Aliachia, ikataka kufa.

Akageuka kuangalia dirisha. Chumba cha mgonjwa kilitazama uani, na kitanda kilikuwa kimesogezwa makusudi ili mumewe aweze kuona nje. Masafa alikuwa macho. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, yakiteremka kuelekea sikioni, na mkono wake mzima ulikuwa umeinuka juu ya shuka.

Amesikia, mama akajisemea moyoni. Amejua kwamba pikipiki yake inaumwa.

Watu walidhani jina la Masafa limetokana na pikipiki, lakini jina ndilo lililotangulia. Alikuwa mpima ardhi, na tangu ujana wake alikuwa na mazoea ya kumpigia kelele mshika utepe kutoka ng'ambo ya pori, "Masafa?" mpaka wenzake wakaacha kumwita kwa jina aliloandikishwa shuleni. Wakati wenzake hao wakinunua viwanja walivyovipima, yeye alinunua pikipiki kubwa ya safari ndefu, si ile ya kukimbilia dukani, yenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na tangi la kunywa mafuta kama lori. Injini yake ilikuwa na silinda mbili, moja imechomoza kushoto na nyingine kulia, kama mtu aliyesimama na mikono kiunoni akisubiri kugombana. Kila likizo alimpakia mkewe nyuma wakapotea. Mama alikuwa mshona mapazia, na wateja walishazoea kukuta mlango umefungwa na kibandiko kinachosema amesafiri, bila kusema wapi wala mpaka lini.

Kiharusi kilimkuta Masafa uani, anaiosha pikipiki hiyo. Alikuwa amestaafu, na walikuwa wanajiandaa kwa safari yao ndefu kupita zote. Mama alikuwa ndani kwenye cherehani, anashona mfuko wa kutia koti la mvua, akawa anasikia maji yakimwagika na kumwagika. Alinyanyua kichwa akamwambia apunguze maji. Alirudia. Alipotoka, mpira wa maji ulikuwa unajitapatapa chini kama nyoka, na mumewe amelala kando ya gurudumu la mbele, jicho moja limefunguka kuliko jingine.

Hospitali walifanya walichoweza. Upande wa kulia haukurudi, na ulimi haukurudi. Daktari alisema huenda anaelewa anayoambiwa, ila njia ya kutolea maneno imekatika.

"Anaelewa kiasi gani?" mama aliuliza.

"Hilo hatujui," daktari alijibu, akaangalia saa.

Wiki ya kwanza nyumbani, mama alikwenda kuwasha pikipiki ili betri isife, akamwona mumewe kupitia dirishani akiinua mkono wa kushoto na kuzungusha kifundo. Alifanya hivyo mara kadhaa, kwa bidii, uso umekaza. Mama alielewa papo hapo. Mkono wa kulia, ambao ndio wa gesi, ulikuwa umekufa, kwa hiyo anatumia uliobaki: ongeza, mke wangu, ongeza. Akaongeza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, akishamwosha, akishamlisha uji kwa kijiko, akishambadilishia shuka, alitoka uani akaketi juu ya pikipiki na kumngurumishia. Hakumwambia mtu yeyote lililokuwa moyoni mwake, kwa sababu lingesikika la kijinga. Aliamini kwamba madhali injini ile inawaka, mwenyewe naye hajazimika.

Ndiyo maana ilipoanza kumisi hakusubiri, akamwita fundi.

Fundi aliyemwita alikuwa rafiki wa Masafa wa siku nyingi, aliyeitwa Taratibu kwa vile hakuna kitu alichowahi kukifanya taratibu. Alikula haraka, alioa haraka, na kwa maneno yake mwenyewe, aliachwa haraka. Alishasafiri na Masafa mara nyingi, pikipiki mbili zikifukuzana barabara nzima kama watoto watoro. Alikuja na mkoba wa spana begani.

"Shemeji, hebu iwashe niisikie."

Mama akaiwasha. Taratibu akainamisha kichwa na kufumba macho.

"Inamisi silinda moja," alisema. "Nyingine inabeba mzigo wa wawili."

Alichovya vidole kwenye kopo la maji akanyunyizia mabomba ya moshi pale yanapotokea kwenye injini. La kulia lilichemsha matone na kuyakausha hapohapo. La kushoto lililowa tu. "Ya kushoto," alisema. Akazima, akafungua plagi zote mbili, akaziweka kwenye kiganja. Ya kulia ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyochemka vizuri. Ya kushoto ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Unaona hii? Hii inaungua kwa njaa. Mafuta hayafiki ya kutosha."

Alizibadilisha plagi, ya kushoto akaiweka kulia, akawasha. Ugonjwa ulibaki kushotoni. Akabadilisha waya za plagi. Ugonjwa ulibaki kushotoni. Akamwaga mafuta yaliyokaa tangini tangu kabla ya kiharusi, yamegeuka harufu, yananuka kama rangi ya milango. Akafungua kabureta mbili, akazitandaza juu ya gazeti, akazisafisha tundu kwa tundu huku akipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakawa mekundu. Mwisho akaziba tundu la plagi ya kushoto kwa kidole na kumwambia mama abonyeze stata. Kidole kilirushwa nje kwa kishindo kama kizibo cha chupa. Taratibu akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika katika ua ule kwa muda mrefu.

Lakini mama aliona kitu kingine. Muda wote wa kazi, Taratibu alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo. Hata palipokuwa na njia fupi ya kuchukua spana, alizunguka.

"Ingia umsalimie mwenzio," mama alimwambia. "Anakusikia."

Taratibu alifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, akafuta kila kidole peke yake. "Nimejaa oili, shemeji. Nitachafua shuka."

"Shuka zinafuliwa."

Alikwenda mpaka mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Masafa, kaka, upo?" alisema, akainua macho kwenye dari. "Dari hii inataka kupigwa rangi," akaongeza, akaondoka.

Pikipiki ilinguruma vizuri asubuhi chache, kisha ikarudia. Ikiwa baridi ilisimama imara, ikipata moto inaanza kuchechemea, ukiongeza gesi inapiga mlipuko. Taratibu alirudi, safari hii hakufungua hata mkoba.

"Ni valvu. Valvu ya kushoto imeungua. Hapo ni kufungua kichwa cha injini, na vipuri vyake siku hizi ni vya kutafuta kwa tochi. Nikwambie ukweli, shemeji? Ipumzishe. Ifunike turubai, uiache."

"Yeye ungemwambia hivyo?"

"Yeye angekuwa anaiendesha, ningemwambia jambo jingine."

Wote wawili walisikia neno lilivyotoka. Taratibu akashika paji la uso.

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua una maana gani, shemeji."

Aliacha mkoba wa spana pale kibarazani, akasema ataupitia. Hakuupitia. Mama alipompigia simu alikuwa njiani, siku zote njiani, hata mama akaona huruma kumpigia.

Basi akaamua kuitafuta shida mwenyewe. Mashine hazikumtisha. Cherehani yake alishaifungua na kuifunga zaidi ya mara za kukumbuka, na pikipiki ile aliijua kwa mgongo na makalio miaka yote hiyo, akijua mlima gani itaguna na mteremko gani itaimba. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia aanzie wapi, na mtu huyo alikuwa ndani, amelala.

Aliziweka plagi kwenye sinia ya chai, akaziingiza chumbani na kuzilaza kifuani kwa mumewe. Akamshika mkono wa kushoto.

"Masafa, nisikilize. Kama ni ndiyo, nibane. Kama siyo, tulia. Sawa?"

Vidole vikambana. Mama akasogea karibu zaidi.

"Ni valvu, kama anavyosema mwenzako?"

Vidole vilisitasita, akaona hapo si penyewe, akaachia.

"Ni umeme? Waya?" Akaachia tena. "Ni hewa? Kuna mahali inavuta hewa?"

Vidole vikabana, vikashikilia.

Zilikuwa siku njema, ukiweza kuziita njema. Kila asubuhi baada ya uji alimletea kipande fulani, akamweleza alichokiona, akamuuliza, akajibiwa. Walizungumza kuliko walivyozungumza miaka mingi, kwa maana Masafa mzima hakuwa mtu wa maneno mengi, na barabarani kofia ngumu na upepo havikuruhusu soga. Alimpigia simu binti yao, aliyekuwa anafanya kazi katika mji mwingine.

"Baba yako anasema ni hewa."

"Anasema, Mama?"

"Kwa mkono. Tunaelewana."

"Haya, Mama," binti alisema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe mtu.

Kila wiki alikuja dada mmoja kutoka hospitali, kijana bado, ambaye kazi yake ni kuwafundisha kusema upya waliopotewa na maneno. Alikuwa mpole, mwenye begi la picha za kikombe, kiatu, nyumba. Wiki hiyo mama alimsubiri mlangoni, ana hamu kama mwanafunzi aliyefaulu.

"Binti yangu, mgonjwa wako anajibu. Njoo uone."

Alimwonyesha. Dada alitazama, akatabasamu kidogo, akauliza kama na yeye anaweza kujaribu. Akaketi, akaushika mkono ule ule.

"Baba, hapa ni nyumbani kwako?"

Vidole vikabana.

"Mimi ni mke wako?"

Vidole vikabana.

"Wewe ni ndege, baba? Unaruka?"

Vikabana vile vile, vikashikilia.

Nje mtu alikuwa anakokota kitu cha bati barabarani.

"Mama," dada alisema, bila kuuachia mkono, "anabana kwa sababu ameshikwa. Hata mtoto mchanga ukimpa kidole anakishika. Sisemi kwamba hakusikii. Nasema tu mkono huu hausemi."

"Sasa, ile ya hewa?"

"Habari za hewa sizijui, mama. Labda ni hewa kweli. Lakini kama ni kweli, umeijua wewe."

Alipoondoka, mama alikaa jikoni mbele ya sufuria ya uji uliopoa. Alijaribu kukumbuka yale maswali aliyodhani yamejibiwa siyo. Akakumbuka kwamba kila mara ni yeye aliyeachia mkono kwanza. Jibu asilolitaka hakulipa muda. Wiki zote zile alikuwa anazungumza peke yake, na yule wa upande wa pili ameshikiliwa tu, kama mtu anayeshikwa mkono kuvushwa barabara asiyotaka kuvuka.

Hakuigusa pikipiki kwa muda baada ya hapo. Alimwosha mumewe, akamlisha, akamgeuza ubavu, akamgeuza ubavu wa pili, akashona, akamgeuza. Kazi ya mgonjwa haina mahali unaposema hapa nimemaliza. Nadhani hilo ndilo lililomrudisha uani hatimaye. Kati ya yote aliyokuwa akiyafanya kwa ajili ya Masafa, kazi ya injini ndiyo peke yake iliyoweza kufika mwisho.

Safari hii alifikiri kwa kichwa chake. Kama valvu imeungua, kwa nini kidole cha Taratibu kilirushwa vile? Silinda inayovuja haina nguvu ya kurusha kidole. Na plagi nyeupe maana yake mafuta machache au hewa nyingi. Upande wa mafuta Taratibu alishausafisha wote. Ikabaki hewa. Na baada ya ile kazi pikipiki ilipona kwa siku chache, kwa hiyo kuna kitu alikikaza wakati wa kufunga, kisha kikalegea tena, tena kinalegea injini ikipata moto.

Kati ya kabureta na silinda palikuwa na kipande cha mpira mnene, kifupi, mfano wa kikombe kisicho na kitako, kimebanwa kwa vibanio vya chuma huku na huku. Aliupapasa kwa vidole, ukaonekana mzima. Akawasha injini, akaiacha ipate moto mpaka ikaanza kuchechemea, kisha akaenda kuchukua ile chupa ya kunyunyizia maji anayolowanishia mapazia kabla ya kuyapiga pasi. Akanyunyizia kiungo kimoja kimoja, akisikiliza. Kulia, hakuna kitu. Kushoto juu, hakuna kitu. Akainama, akapitisha mkono chini ya kabureta, akanyunyizia nyuma ya mpira, upande ule unaotazamana na injini ambao jicho haliufikii.

Injini ikatulia. Kwa pumzi moja hivi ilinguruma sawasawa, silinda mbili zikipokezana, kisha maji yakafyonzwa na kuchechemea kukarudi. Akanyunyizia tena. Ikatulia tena.

Aliufungua mpira akaupinda mbele ya jua. Ufa ulikuwa nyuma kabisa, chini ya kibanio, mwembamba kama uzi, ukifunguka tu ukiukunja. Aliushika muda mrefu. Alitaka kumwonyesha mtu, akatazama dirishani, akauweka mfukoni.

Binti yake aliutafuta mpira mpya huko aliko na kuutuma kwa basi. Mama aliufunga mwenyewe, akakaza vibanio zamu kwa zamu, akafunga kabureta, akarudisha kiti. Alipobonyeza stata pikipiki iliwaka mara moja, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani, nzito, ya sawasawa, sauti iliyokuwa ikimsinzisha nyuma ya mgongo wa mumewe kwenye barabara ndefu. Aliacha ipate moto. Haikumisi. Akaongeza gesi, ikapanda bila kusita, akaachia, ikashuka na kutulia mahali pake.

Ndipo aliposikia sauti nyingine kutoka dirishani.

Alishuka na kukimbilia ndani, injini akiiacha inawaka. Masafa alikuwa amekaza shingo, midomo inatetemeka upande mmoja.

"Umesema nini? Rudia, mume wangu. Rudia."

Alivuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. "Zima," alisema.

"Nzima," mama alisema. "Ndiyo, Masafa. Nzima. Imepona, ni nzima kabisa, sikiliza."

"Zima."

Alimbusu paji la uso, akampaka machozi yake mwenyewe usoni. Akampigia binti yao, akaiweka simu mdomoni mwa Masafa, na binti alipolisikia neno lile alilia mpaka simu ikakatika. Akampigia Taratibu.

"Masafa amesema. Amesema pikipiki ni nzima."

Taratibu hakuwa njiani siku hiyo. Alisema, "Nakuja," na alikuja kweli, akaingia chumbani na viatu vyake, akaketi ukingoni mwa kitanda na mikono yake ya oili. "Kaka," alisema, "mkeo ametuaibisha mafundi." Masafa alimtazama. Akasema, "Zima." Taratibu akaangua kicheko, akainamia magoti yake, na mabega yakaendelea kutikisika hata kicheko kilipokwisha.

Kila asubuhi baada ya hapo mama aliiwasha, na kila asubuhi neno lilikuja. Akaanza kuiacha iwake muda mrefu zaidi, akiongeza gesi zaidi, akidhani kwamba neno moja likishapata njia, mengine yatalifuata.

Siku ya dada wa hospitali ilipofika, mama alimwambia asimame kando ya kitanda na asikilize, yeye akaenda uani. Aliingurumisha pikipiki kwa nguvu zote. Baada ya muda alimwona dada amekuja dirishani, anampungia mkono.

"Mama, hebu zima kidogo."

Mama akageuza ufunguo. Kupitia dirishani alimwona mumewe akifumba macho, na mabega yake, ambayo hakujua kama yalikuwa yamepanda, yakashuka kitandani.

"Iwashe tena, tafadhali."

Aliiwasha. Uso wa Masafa ukakunjamana wote, upande ulio hai na upande uliokufa. Mkono wa kushoto ukainuka kwenye shuka, kifundo kikazunguka, kikazunguka. Midomo ikafanya kazi yake. Mama hakulisikia neno kwa sababu ya injini, aliliona tu.

Akanyoosha mkono kuzima, na hapo ndipo alipouona mkono wake mwenyewe, kifundo kikizunguka kwenye ufunguo. Ni vile vile. Haikuwa gesi. Haikuwa gesi hata siku moja.

Hakushuka. Dada alitoka akaja kusimama karibu naye, begi la picha kifuani.

"Tangu lini anaonyesha hivyo?" aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

Dada alilishusha begi. "Wengine sauti kubwa huwaumiza kichwani baada ya kiharusi. Huenda ni hilo tu, mama. Hukujua."

"Nilikuwa naongeza," mama alisema. "Akifanya vile, naongeza."

Alipopata nguvu alikwenda ndani, akapiga magoti kando ya kitanda na kumwomba mumewe msamaha. Alimweleza yote, tangu ile asubuhi ya betri. Alimwambia kwamba machozi yake aliyaona na kuyasoma vibaya. Aliushika mkono wake alipokuwa anasema, na alipomaliza mkono ulimbana, ukashikilia, naye alijua thamani ya kubanwa kule.

Taratibu alikuja kuichukua pikipiki wiki hiyo hiyo. Mama alimkabidhi ufunguo na ule mkoba wa spana, akamwomba aisukume mpaka mbali kabla hajaiwasha. Taratibu aliisukuma peke yake, mzigo mzito ule, mpaka ilipokata kona. Hata hivyo ilisikika. Ilipanda kilima cha nyuma ya nyumba bila kumisi hata mara moja, ikaenda mpaka ikachanganyika na magari mengine.

Asubuhi iliyofuata ua ulikuwa mtupu na doa la oili katikati. Mama alifungua pazia, akamlisha mumewe uji, akampangusa kidevu, akaketi karibu naye katika kimya alichokuwa amemnunulia kwa kuchelewa. Masafa alitazama dirisha. Akavuta ile pumzi ya gunia.

"Zima," alisema.

Mama alitega sikio. Hapakuwa na kitu. Akazima feni. "Zima." Akaenda kuzima redio jikoni, iliyokuwa chini sana hata yeye hakuwa akiisikia. Akazima taa ya barazani. Akamwendea jirani na kumwomba apunguze sauti ya televisheni, jirani akamjibu kwamba haijawashwa tangu jana. Aliporudi, mumewe alikuwa bado analisema.

Dada wa hospitali alimweleza kwa upole, akichagua maneno. Kuna watu wanabakiwa na neno moja, na wanalitumia kwa kila kitu, kwa maji, kwa njaa, kwa asante. Linaweza kuwa na maana leo, kesho likawa halina. Pengine siku ile ya injini alimaanisha kuzima. Pengine alimaanisha nzima, kama mama alivyosikia mwanzo. Hakuna mashine ya kupima hilo.

"Kwa hiyo pikipiki nimeitoa bure."

"Sijui, mama," dada alisema, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

Basi siku huenda hivyo. Mama huwa kwenye cherehani, hulisikia neno, huinuka. Hujaribu maji. Hujaribu mto, shuka, dirisha. Hujaribu kumkuna mgongo pale anapojua panawasha. Hukagua jambo moja moja kwa mpangilio, akiliondoa hili akabaki na lile, na kuna mara huzima kila kinachozimika ndani ya nyumba, akasimama katikati ya chumba na kumuuliza, "Nizime nini, Masafa?"

Yeye humtazama kwa macho yaliyo wazi kabisa, akasema lile lile. Mama husubiri kidogo, kama kutakuja jingine. Kisha humgeuza ubavu, maana muda wa kumgeuza huwa umefika, akarudi kwenye mapazia ya watu.